Nani Alikaa Humu Kabla Yako? Kuchimba Historia ya Nyumba ya Kupanga Uingereza

Ukitaka kujua waliotangulia kwenye nyumba yako ya Leicester, Leeds au Birmingham, usianze na hati ya nyumba. Hati itakutajia mwenye mali, na mwenye mali huenda hakuwahi kulala humo hata siku moja. Hizi nyumba za matofali mekundu, zilizoshikana ukuta kwa ukuta mtaa mzima, zilijengwa ili zipangishwe. Mwaka 1918 nyumba zilizokaliwa na wenyewe Uingereza na Wales hazikufika hata robo. Wafanyakazi walilipa kodi kila wiki, wakahama, wakaja wengine. Wewe unawatafuta hao wapangaji, kwa hiyo tafuta karatasi zilizohesabu watu.

Karatasi hizo ni za sensa. Hufanyika kila miaka 10 na hufungwa miaka 100, kwa hiyo anza na ya 1921, kisha rudi nyuma hadi 1841. Maktaba nyingi za umma zina Ancestry au Findmypast, tovuti za kutafutia kumbukumbu za ukoo, bure kwenye kompyuta zao. Uliza kabla hujatoa hela yako. Ila jihadhari na namba za nyumba. Mitaa ilibadilishiwa namba, mingine hata majina, na makarani wa zamani mara nyingi hawakuandika namba kabisa. Mimi huangalia kwanza majirani na baa ya kwenye kona: vikipangana sawa miaka yote, hapo niko kwenye nyumba yenyewe. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni bure ramani za zamani za Uingereza zinazoonyesha nyumba mojamoja.

Kwangu Leicester, wa 1901 alikuwa mkata ngozi kiwanda cha viatu. Mji huu uliishi kwa viatu, soksi na fulana, kwa hiyo sikushangaa. Kilichonikalisha chini ni fomu ya 1911. Ndiyo sensa ya kwanza ambayo fomu za kaya zenyewe zilihifadhiwa, kwa hiyo unasoma mwandiko wa baba mwenyewe, si wa karani. Huyu alikuwa na mwandiko wa kubonyeza sana, wino umevilia kwenye kila herufi kubwa. Mabinti wawili walikuwa kiwanda cha soksi, na kulikuwa na kijana aliyepangishwa kitanda ili kodi itimie. Watu 8, vyumba 5, na jiko limehesabiwa humo. Aliyekulia Manzese, Dar es Salaam, hatashtuka. Kisha kuna safu za mama: watoto waliozaliwa hai 9, waliopo 5, waliofariki 4. Fomu haikuuliza majina ya wale wanne. Ukitaka kuwajua, nenda kwenye rejesta za vizazi na vifo, na ujiandae.

Fomu ya 1921 ina uhondo wake: kila mfanyakazi aliulizwa jina la mwajiri na mahali pa kazi. Unaweza kujua mtu alitoka mlango huu asubuhi akaelekea kiwanda gani, ukapita njia hiyohiyo kwa miguu.

Baada ya hapo kuna shimo. Sensa ya 1931 iliungua moto mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, na ya 1951 haitafunguliwa mpaka 2052. Daraja lako ni rejesta ya tarehe 29 Septemba 1939, iliyoandikwa kwa ajili ya vitambulisho vya vita. Ina tarehe za kuzaliwa na kazi za watu. Ukikuta mstari umefunikwa kwa weusi, ni mtu ambaye huenda bado yu hai.

Kuanzia miaka ya 1950, sahau kompyuta, kabisha hodi kwa jirani. Mimi nilikwenda kwa bibi mmoja wa Kigujarati, nikamsalimu kwa Kiingereza, akasikia lafudhi yangu, akajibu, "Wewe mtu wa wapi, baba? Tanganyika?" Nikampa shikamoo yake palepale. Alizaliwa Mombasa, akaolewa Jinja, Uganda, akafukuzwa na Idi Amin 1972 pamoja na Waasia wenzake. Mwaka huohuo halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije mji huu. Wakaja. Ndiye aliyeniambia kwamba familia iliyokaa kwangu wakati huo ilitokea Kenya, na baba alikuwa akifanya zamu ya usiku kiwanda cha soksi. Vile vimisumari vidogo juu ya mlango wangu wa mbele, ambavyo nilidhani ni vya waya wa umeme, vilikuwa vya kutundikia pambo lao la baraka kila Diwali.

Maneno ya jirani yahakiki kwenye daftari la wapiga kura. Raia wa Jumuiya ya Madola walikuwa na haki ya kupiga kura, kwa hiyo majina yao yamo, mwaka hadi mwaka, yamepangwa kwa mtaa. Madaftari ya zamani yako ofisi ya kumbukumbu ya kaunti. Andika barua pepe kwanza wakutolee ghalani, taja mtaa na miaka unayotaka, na beba penseli, maana peni hazipiti mlangoni.