Naanza na sauti ya kati

Swali la juma hili lilikuwa hili: bendi unayoipenda ikitoa albamu mpya, sikio lako linatafuta nini kwanza? Mimi, niliyeimba alto kwa miaka mingi katika kwaya ya parokia hapa Lubumbashi, naitafuta sauti ya kati, ile isiyobeba wimbo wala kushika besi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kama waimbaji wanasikilizana au kila mmoja anajiimbia.

Ndivyo nilivyoipokea Shore, albamu ya nne ya Fleet Foxes, bendi ya Seattle, Marekani, ambayo roki yake hukaa juu ya gitaa kavu na sauti zilizopangwa kama za kanisani. Ilitoka tarehe 22 Septemba 2020 ikiwa na nyimbo 15. Nilikuwa nimesoma kwamba Robin Pecknold, kiongozi wao, aliirekodi bila wenzake wa bendi, nami nikahuzunika kabla hata sijaisikia, maana mtu akipanga sauti yake juu ya sauti yake mwenyewe, pumzi hukatika mahali pamoja na kila neno hutamkwa vilevile, jambo ambalo kwaya haifikii hata kwa mazoezi ya mwaka mzima. Lakini wimbo wa kwanza hakuuimba yeye. Alimwachia Uwade, mwimbaji mwenye sauti nyororo isiyo na haraka. Mbele kidogo wanaitikia mamia ya mashabiki waliotuma sauti zao kwa intaneti, na huzuni yangu ikaniondoka.

Sisi wa Katanga tunalijua tangu zamani jambo hili la mtu mmoja kusikika kama wengi. Mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, alipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada, gumba likishika besi na shahada ikitembeza wimbo, hata ukadhani wapigaji ni wawili.

Jumamosi iliyopita, kabla ya mazoezi, niliitumbukiza simu katika kikombe kitupu ili isikike vizuri, nikawawekea wenzangu wimbo ule wa Uwade. Mama mmoja, asiyejua hata neno moja la Kiingereza, akafumba macho, akaingiza taratibu sauti ya kati ambayo hakufundishwa na mtu, nasi tukamwacha aende nayo hadi mwisho.