Maswali ya Wasomaji: Jumapili ya Wajerumani

SWALI: Mwanangu anasoma Leipzig, nami ninajiandaa kwenda kumtembelea kwa miezi miwili. Ameniambia kwamba Jumapili maduka yote hufungwa, kwamba siku hiyo hata kutwanga ni kosa, na kwamba majirani hawasalimiani. Je, ni kweli, au ananitisha? – Mama wa mwanafunzi, Tanga.

JIBU: Mama, mwanao hakutishi, ingawa ametia chumvi kidogo. Nchini Ujerumani Jumapili inalindwa na katiba yenyewe, kwani ibara ya 140 ya katiba ya mwaka 1949 ilikichukua jinsi kilivyo kifungu cha katiba ya Weimar, yaani katiba ya awali ya Ujerumani ya 1919, kinachoitambua siku hiyo kuwa ya mapumziko. Ndiyo maana maduka ya vyakula hufungwa Jumamosi usiku hadi Jumatatu asubuhi, isipokuwa yale ya vituo vikubwa vya treni na vya mafuta, ambako bei huuma, na maduka mengi ya mikate yanayofunguliwa kwa saa chache. Kwa sisi tuliozoea kumtuma mtoto dukani kwa Mangi saa tatu usiku akalete chumvi, hili ndilo hutushika pabaya kuliko hata baridi.

Kuhusu kutwanga, kinachokatazwa ni kelele. Mchi ukigonga kinu ghorofa ya tatu, jirani wa ghorofa ya pili huusikia kichwani mwake, naye hatasita kuja kubisha hodi. Vivyo hivyo kutoboa ukuta, au kwenda kutupa chupa tupu kwenye mapipa ya vioo ya mtaani. Siku nyingine, utulivu huanza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Salamu zipo, ila ni fupi: ukimuuliza jirani habari za watoto mkiwa kwenye ngazi, huenda akadhani una shida. Hata hivyo, mtu akiingia katika chumba cha kusubiria daktari huwasalimu wote waliomo, na akitoka huwaaga, adabu ambayo mama wa Kitanga hatahitaji kufundishwa.

Jambo moja mwanao hakulitaja. Nyumba nyingi za kupanga huko hazina namba za milango, na barua hupelekwa kwa kufuata jina la ukoo lililobandikwa kwenye sanduku. Kama majina yenu ya mwisho hayafanani, abandike na lako, au barua zako zitarudishwa kwa aliyezituma.