Jibu: Kodi za gitaa (chords) za G, C na D zinasikika kavu kwenye kuabudu

Bwana asifiwe, mtumishi. Umesema G, C na D unazibadilisha vizuri, ila kwenye kuabudu zinasikika kavu. Kwanza hakikisha gitaa limetyuniwa ukiwa ndani ya kanisa. Kwa joto letu hili la Dar, ukitoka juani ukaingia kwenye AC nyuzi zinahama sauti.

Anza na D. Kidole cha kati kiko uzi wa 1 (ule mwembamba kabisa), freti ya 2 (freti ni vyumba vilivyogawanywa na vyuma kwenye shingo ya gitaa). Ongeza kidole kidogo freti ya 3 ya uzi huohuo, kitoe, kisha nyanyua na cha kati uzi ulie wazi, ukirudishe. Taratibu! Hiyo peke yake inatosha wiki nzima.

Kwa G, cha pete kikae uzi wa 2 na kidogo uzi wa 1, vyote freti ya 3. Ukienda C usivitoe. Cha shahada na cha kati ndivyo vishuke uzi mmoja mmoja kuelekea sakafuni. Utapenda.

Pamba kodi hivyo pale waimbaji wanapovuta pumzi, siyo juu ya maneno. Na mpiga kinanda akianza kujaza mapengo, wewe shika kodi tupu bila mapambo, msigongane. Gitaa la umeme nawaachia wanaolipiga.