Mnaoanza Kazi, Msingoje Uchaguzi

Kila msimu wa kampeni, ninyi mnaoingia kazini ndio mnaoahidiwa mengi zaidi: ajira, mikopo, mafunzo. Sisemi mzipuuze ahadi hizo. Nendeni mikutanoni, ulizeni maswali, pigeni kura. Yapo mambo ambayo mtu mmoja hayapati hata akikesha mwaka mzima: kima cha chini cha mshahara, ada nafuu, sheria inayomzuia mwajiri kukutupa nje bila sababu. Anayewaambia bidii peke yake inatosha, hajawahi kunyimwa kazi kwa sababu ya jina la ukoo wake.

Ninachowaonya ni kule kungoja. Nilifanya kazi na kijana mmoja, hodari wa hesabu, aliyeacha kozi ya jioni kwa kuwa chama chake kilikuwa kimeahidi mafunzo ya bure. Chama kikashinda. Mafunzo nayo yakaja, ila kwa kuchelewa sana, na sharti la kwanza kwenye tangazo lilikuwa cheti cha awali, kilekile alichokuwa akikisomea jioni. Iliniuma, maana ahadi ilikuwa ya kweli na bado ilimpita.

Ahadi ina safari ndefu. Inaandikiwa muswada, inajadiliwa, inasainiwa, inangoja bajeti, halafu kanuni, halafu watumishi wa kuitekeleza. Tazameni Marekani. Barack Obama aliapishwa Januari 2009, akiwa ameahidi kuwafikishia bima ya afya watu wengi zaidi, na chama chake kikiwa na wingi katika mabaraza yote mawili ya Bunge. Sheria aliisaini Machi 2010. Bima zilizonunuliwa kupitia masoko mapya ya sheria hiyo zikaanza kutumika Januari 2014. Hata hapo, aliyeihitaji ilibidi ajiandikishe kabla ya tarehe ya mwisho. Wala hilo silihesabu kuwa kushindwa. Mambo ya serikali huenda hivyo hata yanapokwenda vizuri. Lakini kwa kijana wa miaka 22, miaka mitano inatosha kabisa kutoka uanagenzi hadi kuwa fundi anayefundisha wengine.

Kama siasa iko damuni, ifanyeni kwa mikono: jiungeni na chama cha wafanyakazi, someni bajeti badala ya mabango, mfuatilieni mbunge baada ya kuapishwa. Hiyo nayo ni kazi, na inawapa ujuzi wa kuandika, kujenga hoja na kuongoza kikao.

Na wiki hii, tafuteni tangazo la kazi mnayoitamani, hata kama muda wake umeshapita. Pitieni masharti yake moja moja na kuweka alama kwenye yale msiyonayo. Mengine yatahitaji fedha au sera mpya. Anzeni na lile mnaloweza kulishughulikia jioni, baada ya kazi.