Muulize Muuguzi: Jasho, mabilimbi na rangi ya mkojo

Barua za safari hii karibu zote zinauliza habari za mkojo. Nashukuru, maana wodini nilizoea wagonjwa wanaoeleza kichwa, tumbo na magoti, halafu ukimuuliza mtu haja ndogo anatazama dirishani.

*Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa lori, safari zangu ni Dar es Salaam hadi Tunduma. Njiani nakunywa maji kidogo makusudi, kwa sababu kuegesha lori na kutafuta pa kujisaidia ni shughuli. Kuanzia Mikumi hadi Ruaha Mbuyuni jasho linanichuruzika, na nikikojoa unatoka kidogo tu, rangi ya chai ya rangi. Utingo wangu anasema taka zimeshatoka na jasho, kwa hiyo hakuna shida. Mgongo ukinisumbua nameza diklofenaki. Je, ana hoja? – Dereva, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Utingo wako hana hoja, na naomba umsomee jibu hili mkiwa mmeegesha.

Kazi ya jasho ni kupoza mwili. Ndani yake kuna maji, chumvi, na urea kidogo sana. Linatoka kwa sababu ya joto. Damu ikichafuka halina habari. Unaweza kulowa shati, fulana na kiti, na bado uchafu uliopaswa kutoka ukabaki mwilini.

Uchafu wenyewe unatoka wapi? Ukila maharage au nyama, protini ikivunjwavunjwa hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Ini linaichukua na kuigeuza urea, ambayo mwili unaweza kuivumilia ikisafirishwa kwenye damu hadi kwenye figo. Misuli nayo kila siku hutoa kreatinini. Hivyo viwili, pamoja na chumvi iliyozidi na mabaki ya dawa nyingi unazomeza, njia yake kuu ni mkojo.

Kila figo ni kubwa kama ngumi yako, na ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja. Kwa dakika moja damu inayopita kwenye figo zote mbili ni zaidi ya lita moja. Watu wengi hudhani figo zinachagua uchafu na kuutupa. Sivyo. Zinafanya kama mama anayemwaga pochi yote kitandani, kisha anarudisha pesa, funguo na simu, risiti kuukuu anaziacha. Kwa siku nzima zinachuja maji kama lita 180 kutoka kwenye damu, halafu zinarudisha karibu yote pamoja na sukari na sehemu kubwa ya chumvi. Kinachobaki ni lita moja hadi mbili, ndiyo unayokojoa.

Usipokunywa maji, ubongo unatoa homoni inayoziambia figo zirudishe maji zaidi. Ndiyo maana mkojo wako unakuwa mchache na mzito. Hapo figo hazijakosea, zinakuokoa. Lakini kubana huko kuna mwisho: taka za siku moja zinahitaji angalau kama nusu lita ya mkojo ili zitoke. Ukishuka chini ya hapo, zinabaki kwenye damu.

Wodini tulikuwa na jagi la plastiki lenye mistari ya mililita. Mgonjwa mahututi mwenye mpira wa mkojo tulimwagia mfuko wake humo kila saa, tunainama jagi liwe usawa wa jicho, tunaandika kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani. Mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, saa mbili mfululizo, tulimwita daktari hata kama ni usiku wa manane. Mgonjwa anaweza kuwa anaongea vizuri kabisa na karatasi ile ikawa inasema mengine.

Sasa nije kwenye jambo lililonitisha kuliko yote, nawe umelitupia mwishoni kama la kupita: diklofenaki. Mwili ukipungukiwa maji, figo hujitahidi kuuweka wazi mshipa unaoleta damu kwenye vichujio. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huzuia jitihada hiyo, mshipa unabana, na vichujio vinakosa damu. Kwa kijana aliyekunywa maji vizuri, kidonge cha siku moja mara nyingi hakina neno. Kwako wewe, uliyekauka, kwenye joto, safari baada ya safari, figo zinaweza kufeli bila maumivu yoyote. Acha kuvimeza hivyo, na huo mgongo uutafutie daktari.

Kunywa maji kidogo kidogo njia nzima hadi mkojo uwe wa njano hafifu. Vituo vya mafuta vipo Chalinze, vipo Morogoro, simama ukojoe. Vinywaji vya kuongeza nguvu havihesabiki hapa. Ukirudi Dar, nenda kapime kreatinini, mkojo, presha na sukari; presha na kisukari ndivyo vinavyoongoza kuharibu figo, navyo havibishi hodi. Na ukinywa maji ya kutosha lakini mkojo ukabaki mweusi kama soda ya kola, usisubiri safari iishe.

*Dada muuguzi, hapa kwetu Tanga tuna mbilimbi uani, unazaa mpaka tunagawa. Jirani amenifundisha kusaga mabilimbi na kunywa bilauri nzima asubuhi kabla ya kula, anasema inayeyusha mafuta na kusafisha figo. Naendelea? – Mama wa Chumbageni*

Acha leo, dada yangu. Bilimbi lina asidi iitwayo oksaliki kwa wingi. Ikiingia kwenye damu na kufika kwenye figo inaungana na kalsiamu, zinatengeneza chembe ngumu zinazoziba mirija. Kerala, kule India, madaktari walipokea watu waliokunywa juisi nzito ya tunda hilihili ili kushusha mafuta kwenye damu, wakaishia na figo zilizofeli ghafla. Wengine ilibidi wawekwe kwenye mashine ya kusafisha damu.

Mabilimbi machache kwenye mchuzi wa samaki, au achari pembeni ya pilau, hayo sikukatazi, na mimi mwenyewe nayapenda. Kinachotisha ni bilauri nzima, tena tumbo tupu, tena kila siku. Kapime kreatinini wiki hii hata kama hujisikii vibaya. Na huyo jirani umpeleke pia, bila kugombana.

Hiyo biashara ya "kusafisha figo" kwa ujumla siielewi. Figo haina matope ya kusuuzwa.

*Shikamoo bibi. Niko darasa la sita. Kwenye mtihani niliandika kwamba kinyesi ni takamwili, mwalimu akanikosesha. Kwa nini? – Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu yuko sahihi. Takamwili ni uchafu uliotengenezwa na seli zako zenyewe zikifanya kazi: kabonidayoksaidi unayoitoa kwa mapafu, urea unayoikojoa. Maganda ya maharage yamepita tu kwenye bomba refu la chakula, hayakuwahi kuingia kwenye seli.

Ila mpelekee na hili. Rangi ya kahawia ya kinyesi inatokana na chembe nyekundu za damu, ambazo huishi kama siku 120 kisha huvunjwa; mabaki ya rangi yake ini huyatoa kwa nyongo hadi utumboni. Hiyo ni takamwili halisi, na njano ya mkojo inatoka kwenye asili hiyohiyo. Pengine atakurudishia nusu maksi.

*Nimeanza dawa za TB, mkojo umekuwa mwekundu. Mke wangu anasema ni kichocho, nami nataka kuziacha. – Msomaji, Kwimba*

Usiziache, kaka. Rangi hiyo ni ya rifampisini, inatoka na mkojo, na hata jasho na machozi yanaweza kuwa ya machungwa. Haina madhara, nayo itakwisha ukimaliza dozi. Ukikatisha dozi ndipo vimelea wa TB wanapopata usugu.

Mkeo naye hajasema ovyo, maana huko kwenu kwenye majaruba ya mpunga kichocho kipo. Damu ya kichocho mara nyingi huonekana mwishoni mwa haja, na mkojo huweza kuunguza. Kipimo cha mkojo kitamaliza ubishi wenu, na vidonge vya prazikwanteli vipo. Lakini macho yakiwa ya njano, ukawa na kichefuchefu na hamu ya kula imekwisha, hapo ini ndilo linalolalamika. Rudi kliniki ya TB siku hiyohiyo ukiwa na dawa zako mkononi.