Kwa dada anayepanda mtumbwi wa uvuvi mara ya kwanza

Mkifika mwaloni Igombe, pale wavuvi wa Ziwa Victoria wanaposhushia samaki hapa Mwanza, kabla hamjagusa ndoano, kubalianeni neno moja: turudi. Yeyote akilisema, nahodha anageuza mtumbwi, na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Naliweka mbele ya yote kwa sababu safari yetu ya kwanza, wanawake sita, hatukuwa nalo. Mwenzetu mmoja alishikwa na kichefuchefu mara tu tulipoyaacha mawe ya ufukweni, akanyamaza. Aliona haya kutuharibia siku tuliyoichangia fedha. Tulipogundua, mikono ilikuwa imemfa ganzi, tukamlaza juu ya nyavu. Najilaumu hadi leo, maana mimi ndiye niliyewakusanya.

Haya ile hutupata kwa urahisi kwa kuwa wengi wetu tumekua tukiuona uvuvi kutoka nchi kavu. Mwaloni sisi ndio tunaonunua dagaa, kuwaanika, kukaanga sangara, mtumbwini hatupandi. Anayepanda anajiona anatazamwa, basi anavumilia hata lisilovumilika. Siku hizi naondoka na wanne tu, pamoja na wavuvi wawili wenyeji. Wanne naweza kuwasoma nyuso.

Haja ndogo nayo isemwe waziwazi. Mtumbwi hauna choo, na nimeona dada zetu wakiacha kunywa maji tangu usiku wa jana yake ili wasiaibike. Jua la ziwani linakuchoma kutoka juu na kutoka majini. Ikifika saa nne kichwa kinagonga. Kunyweni maji. Bebeni ndoo yenye mfuniko na doti ya khanga: wenzako wanaishika kama pazia, wavuvi wanatazama mbele. Mkishaambizana nchi kavu, majini haliwi jambo. Wapo pia wavuvi wanaoamini kwamba mwanamke aliye kwenye siku zake anafukuza samaki. Msibishane nao alfajiri mkiwa mmebeba vyombo. Mtafuteni mapema nahodha asiyeshikilia hilo, mzungumze naye kwa heshima.

Ziwa lina saa zake. Radi na mvua hupenda usiku kuelekea alfajiri, na mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu ukiinua mawimbi. Kwa hiyo tunatoka kukishapambazuka na mawingu yakiwa yametawanyika, na saa tano tuwe tumerudi. Jaketi okozi livaliwe ufukweni, kamba zote zifungwe. Ukilikalia kama mto halitakuokoa. Mwanza tumeshazika vya kutosha tangu meli ya MV Bukoba izame tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kufika.

Maji ya ukingoni penye magugu na konokono yana kichocho, msiyakanyage peku. Vaeni mabuti ya mvua hadi kwenye mtumbwi, kisha myavue, kwani ukitumbukia nayo yanajaa maji.

Leseni ulizeni kwa ofisa uvuvi kabla ya siku yenyewe, wala msisogelee kisiwa cha Saanane na mishipi yenu, ile ni hifadhi ya taifa. Sangara aliye chini ya sentimita 50 na sato aliye chini ya 25 hawaruhusiwi kuvuliwa. Sisi tumechora alama hizo mbili kwenye mpini wa kasia, hivyo hakuna kubahatisha. Lowesha mikono kabla ya kumshika unayemrudisha, na uchunge miiba ya pezi la mgongoni.

Kuvua kwenyewe mtajifunza haraka. Anzeni na sato karibu na miamba: mshipi mwembamba, ndoano ndogo, chubwi jepesi la kuizamisha, na mnyoo wa chambo. Mshipi upite juu ya kidole cha shahada ili usikie anapodonoa, maana sato hudonoa taratibu na mgeni hudhani ni wimbi.

Yule mwenzetu alirudi mwezi uliofuata. Saa tatu, sato ndio kwanza wameanza kudonoa, akasema turudi. Nikakunja mshipi wangu, nahodha akageuza.