Jibu: Detekta kwenye uwanja wa mpira, nianzie wapi?

Mkuu, umesema unatafuta sarafu kwa detekta (mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa), umepima katikati ya uwanja wa shule huko Iringa siku mbili ukapata misumari tu. Hamia pembeni. Anayekimbia hana hela mfukoni. Hela anayo aliyekaa. Anza chini ya miti wanapokaa watazamaji, nyuma ya magoli wanakorundika nguo, kisha pale akina mama wanapouzia maandazi na karanga. Hapo visoda vitakuchosha, lakini vumilia.

Mimi uwanja mmoja hapa Mbeya, chini ya mkaratusi, nilitoa senti 20 ya 1966, ile yenye picha ya ndege mbuni, imelala ubavu kwenye mizizi, kina cha kiganja. Nilikaa chini nikaishika muda mrefu.

Usizime kabisa mlio ambao mashine hutoa ikikuta chuma, hata kama misumari inakuudhi. Sarafu ya 500 iliyotoka 2014 ina chuma ndani, utaipita bila kujua.

Mwezi wa 5 ndio mzuri, mvua zimekatika na udongo bado una unyevu. Ikifika Agosti ardhi imekauka, kuchimba ni kazi na nyasi zilizokatwa hazishiki tena. Kata dongo pande tatu, lifunue kama kifuniko, kisha rudisha na ukanyage vizuri. Naomba sana hilo: mtoto akiingiza mguu kwenye shimo lako, kifundo kimekwenda.

Ruhusa ya mwalimu mkuu unayo, safi. Ila Kalenga na Isimila usiende na mashine, kule ni mambo ya kale, yanalindwa kisheria.